KUTAFUTA MAJI KWA KIJITI: NI ELIMU AU NI DHANA?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyeteremsha mvua kutoka mbinguni, kisha Akaihifadhi ndani ya ardhi ili iwe riziki ya waja Wake. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika sadaka zenye kudumu, hakuna iliyo karibu na nyoyo za watu wa pwani kama kisima. Saad bin Ubada, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alipofiwa na mama yake alimwuliza Mtume (S.A.W.) ni sadaka ipi iliyo bora, akajibiwa kuwa ni maji, naye akachimba kisima kwa ajili ya mama yake. Na Sayyidna Uthman bin Affan alikinunua kisima cha Ruma huko Madina akakifanya ni cha Waislamu wote. Kwa hivyo hata leo mtu akifiwa na mzazi, au akirudi safari na chochote mkononi, fikra yake ya kwanza ni kuchimba kisima penye msikiti au penye kijiji kisicho na maji.

Lakini kabla ya sururu kuipiga ardhi, huja suala moja lisiloepukika: pachimbwe wapi? Hapo ndipo aghalabu huitwa mtu mwenye kijiti. Huja akatembea uwanjani, kijiti kikainama, akasema, “Hapa.” Wazee wa msikiti hutazamana, kigingi hupigwa, na fedha iliyochangwa kwa miaka hutolewa kwa neno hilo moja. Yakitoka maji matamu, hushukuriwa mwenye kijiti. Likitoka shimo kavu au maji ya chumvi, husemwa kuwa ni majaaliwa. Na fedha hiyo si ya mwenye kijiti wala si ya wazee; ni amana ya marehemu, na ya wajane waliotoa kidogo walichokuwa nacho, na ya watoto watakaokunywa. Basi yapasa jambo hili litazamwe kwa akili na kwa sheria. Somo hili lina fasili sita.

FASILI YA KWANZA: Kijiti hiki ni kipi, na khabari zake za kale

Kijiti hicho aghalabu ni tawi bichi lenye panda. Mtu hushika ncha mbili za panda kwa mikono yote miwili, viganja vikielekea juu, akazivuta nje kidogo, hata kijiti kikawa kama upinde uliokazwa. Kisha hutembea polepole. Kijiti kikiinama, husema kuwa chini ya miguu yake pana maji. Wengine hutumia nyaya mbili zilizopindwa, moja kila mkono, nazo zikikutana ndiyo alama. Wengine hutumia kitu kizito kilichofungwa kwenye uzi mfano wa timazi. Na wako wadaio kuwa hawana haja hata ya kufika mahali penyewe. Huning'iniza timazi yao juu ya ramani, wakaonyesha maji yaliyo nchi nyingine.

Ada hii ilienea sana Ulaya miongoni mwa wachimba madini wa Kijerumani. Mwanachuoni Georgius Agricola, katika kitabu chake juu ya madini kilichochapishwa mwaka 1556, alieleza namna walivyokuwa wakitumia vijiti kutafuta fedha na shaba. Lakini yeye mwenyewe hakukiridhia kijiti. Alisema kuwa mchimba madini mwema hutazama alama za asili zilizo juu ya ardhi.

Mwaka 1692, katika mji wa Lyon nchini Ufaransa, aliuawa muuza mvinyo pamoja na mkewe. Akaletwa mkulima aitwaye Jacques Aymar, naye akadai kuwa kijiti chake kitamfuata mwuaji. Mtu mmoja alikamatwa kwa uongozi wa kijiti kile, akauawa. Kisha Aymar aliitwa Paris kwa mwana wa mfalme wa Condé, akatiwa mitihanini, akashindwa. Na atazame msomaji mpango wa mambo haya: kijiti kilisadikiwa kwanza, kikajaribiwa baadaye. Lau mtihani ungetangulia, asingeuawa mtu kwa neno la kijiti.

FASILI YA PILI: Hali yake katika zama hizi, na mitihani iliyofanywa

Asidhani mtu kuwa jambo hili limekwisha, au kwamba ni la watu wasiosoma. Mwaka 2017 ilidhihirika nchini Uingereza kuwa katika kampuni kubwa 12 za maji, 10 zilijibu kwamba baadhi ya mafundi wao hutumia nyaya za kupindwa kutafutia mabomba na maji yaliyovuja. Katika Afrika Mashariki pia wako wanaoitwa na wenye mashamba, na katika miji, kuonyesha mahali pa kutoboa kisima.

Wenye kuutetea ufundi huu wana hoja yao, na uadilifu wataka itajwe. Iliyo kubwa ni khabari ya mradi wa Wajerumani katika sehemu kavu za Sri Lanka, iliyotangazwa mwaka 1995: visima 691 vilitobolewa mahali palipoonyeshwa kwa ufundi huu, na ikasemwa kuwa 96 katika kila 100 vilitoa maji. Lakini waliopinga waliuliza masuala mawili. La kwanza, je, vilitobolewa visima vingine katika nchi ile ile bila ya kijiti, ili ijulikane tofauti? Havikutobolewa kwa njia ya kulinganisha. La pili, je, mtu yule aliyeongoza hakuwa na ujuzi wa miaka mingi juu ya miamba na mabonde? Alikuwa nao. Basi haijulikani kama ni kijiti kilichoona au ni macho ya mwenye kijiti.

Ama penye kulinganisha, khabari ni nyingine. Katika jimbo la New South Wales nchini Australia, idara ya maji iliandika hesabu za visima zaidi ya 3,500 vilivyotobolewa baina ya mwaka 1918 na 1943. Vilivyoonyeshwa kwa kijiti, kiasi cha 15 katika kila 100 havikufaa kabisa. Na visivyoonyeshwa kwa kijiti, kiasi cha 7 tu katika kila 100. Kijiti hakikupunguza khasara. Na kabla ya hapo, mwaka 1917, idara ya Marekani ichunguzayo miamba na maji ilitoa kitabu kizima juu ya khabari za kijiti, ikakata shauri kuwa kuendelea kutumia fedha za umma kukijaribu ni kupoteza fedha.

Hata hivyo majaribio yaliendelea. Mwaka 1987 na 1988, karibu na mji wa München nchini Ujerumani, walijaribiwa watu kiasi cha 500 wenye kudai ujuzi huu, wakachaguliwa 43 walioonekana bora. Katika banda la ghorofa mbili, bomba lenye maji liliwekwa chini, likisogezwa huku na huku bila ya utaratibu wa kubashirika. Na mwenye kijiti alikuwa juu, akitembea katika mstari wa mita 10, aseme bomba liko wapi. Mitihani ilikuwa 843. Waliosimamia walisema kuwa wachache kati yao wana kipawa cha kweli. Lakini mwanachuoni wa Marekani, Jim Enright, alipozipitia hesabu zile zile, aliona kuwa aliyepata leo alikosa kesho, na kwamba mtu angekaa kitini akabahatisha tu, asingekuwa mbali nao. Na mwaka 1990, mjini Kassel, watu 30 waliombwa waseme kama maji yapita au hayapiti katika bomba lililozikwa nusu mita tu ardhini. Wote waliukubali mtihani kabla ya kuanza, wakasema ni wa haki. Walipokwisha, majibu yao hayakuwa bora kuliko kurusha sarafu.

FASILI YA TATU: Kwa nini kijiti huinama, na kwa nini maji hupatikana

Haya ni masuala mawili mbalimbali, na wengi huyachanganya.

La kwanza ni kuinama kwa kijiti. Haifai kuwaita wenye kijiti wote waongo. Wengi wao ni watu wakweli, nao huapa kuwa hawakukipindua, na kiapo chao si cha uongo kwa kadiri wajuavyo. Kijiti kilichokazwa kama upinde hakikai. Kifundo cha mkono kikigeuka kwa kiasi cha unywele, kijiti hupinduka kwa nguvu. Na mkono wa mwanadamu hufuata dhana ya moyo wake bila ya yeye kujua. Michel Eugène Chevreul, bingwa wa kemia wa Ufaransa, alilieleza jambo hili mwaka 1833. Alishika uzi wenye kitu kizito juu ya zebaki, akauona wayumba. Alipofungwa macho, kuyumba kukapungua hata kukakoma. Akafahamu kuwa si zebaki iliyouyumbisha uzi, bali ni jicho lake lililoona na moyo wake uliotazamia. Kwa ufupi, mwenye kijiti anajiuliza nafsi yake mwenyewe, na kijiti humrudishia jibu lake.

La pili ni kupatikana kwa maji. Watu hudhani kuwa maji ya chini ni kama mishipa ya damu, yapita hapa na hayapo pale, na kwamba mtu akikosa kwa hatua moja amekosa kabisa. Katika ardhi nyingi sivyo yalivyo. Mvua huzama katika mchanga na nyufa za mawe, ikajaza tabaka zima, kama maji yajazavyo sifongo. Mahali pa namna hiyo mtu akichimba penye kigingi atapata, na akichimba hatua ishirini mbali atapata pia. Kwa hivyo kusema “alionyesha na maji yakatoka” si hoja, mpaka ijulikane kuwa pale asipoonyesha hapana maji. Na tena watu hukumbuka kisima kilichofaulu kwa kuwa hukinywa kila siku. Na shimo kavu hufukiwa likasahauliwa.

FASILI YA NNE: Madhara yake yanapotoka visimani

Huenda mtu akasema, “Madhara yako wapi? Kosa la kisima ni fedha tu.” Basi na asikilize khabari ya Baghdad.

Mwingereza aitwaye Jim McCormick aliuza chombo alichokiita ADE 651, akidai kuwa chatambua baruti na mabomu toka mbali. Kilikuwa ni mpini wa kushika mkononi, wenye kijiti cha chuma kinachozunguka huku na huku. Hakikuwa na betri. Ilidaiwa kuwa chapata nguvu katika mwili wa mwenye kukishika. Asili yake ilikuwa ni kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu, kilichouzwa Marekani kwa dola chache. Naye alikiuza kwa maelfu ya dola kila kimoja, na serikali ya Iraq peke yake ikatoa makumi ya mamilioni. Mwaka 2010 ilipofunguliwa kadi yake, iliyodaiwa kuwa ndiyo ijuayo harufu ya baruti, hakikuonekana ndani yake ila kile kibandiko kitiwacho katika bidhaa za madukani kuzuia wizi. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimhukumu McCormick kwa udanganyifu, kifungo cha miaka 10.

Hapo palikuwa na kijiti kile kile cha wachimba madini, kimevikwa plastiki na jina la kigeni. Askari alisimama njiani, kijiti kisipogeuka akaruhusu gari lipite, na roho za watu zikategemea mkono wake. Na hata baada ya hukumu, vyombo hivyo viliendelea kutumika Baghdad. Mwezi wa Julai mwaka 2016, katika siku za mwisho za Ramadhani, watu walipokuwa wakinunua nguo za Idi katika mtaa wa Karrada, gari lililojaa baruti liliripuka, wakafa watu zaidi ya 300. Ndipo Waziri Mkuu wa wakati ule, Haider al-Abadi, alipoamuru vyombo hivyo viondolewe.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Dhana ni ile ile, na namna ya kudanganyika ni ile ile; kilichozidi ni thamani ya kilichopotea. Mwenye kuuzoea moyo wake kukubali bila ya mtihani katika dogo, hatapata moyo mwingine siku ya kubwa.

FASILI YA TANO: Jambo hili katika mizani ya sheria

Wenye kutafuta maji hawako sawa, na hukumu hufuata hali zao. Wapo wa namna tatu.

Wa kwanza ni yule adaiye kuwa ajua ya ghaibu, au aulizaye majini, au apigaye ramli kisha akataja maji. Huyu hana shaka. Katika Suratul Maida mishale ya kupigia kura imetajwa pamoja na ulevi na kamari, na ikaamrishwa kuepukwa. Na katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, mwenye kumwendea mpiga ramli akamwuliza jambo, hazikubaliwi sala zake masiku arubaini. Si halali kumwita mtu wa namna hii hata kwa kisima cha msikiti. Wala uzuri wa makusudio hauihalalishi njia iliyo mbaya.

Wa pili ni yule asemaye, “Mimi sijui ghaibu, huu ni ufundi tu, mwili wangu wahisi nguvu itokayo kwenye maji.” Huyu hadai ghaibu, wala haifai kumtupia neno la ushirikina. Lakini anadai sababu ya kidunia, na sababu ya kidunia hujulikana kwa kujaribiwa. Mtume (S.A.W.) aliwaambia watu wa Madina katika khabari ya kupandikiza mitende kuwa wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao, na ujuzi wao ule ulikuwa umetokana na mavuno yaliyoonekana. Na katika Suratul Israa mtu amekatazwa kufuata jambo asilo na elimu nalo.

Wa tatu ni yule atazamaye dalili: rangi ya udongo, mwinamo wa nchi, miti, na visima vya jirani. Huyu yu katika njia ya wenye elimu. Maji yaliyo chini ya ardhi si ghaibu ile aliyojihusisha nayo Mwenyezi Mungu peke Yake; yamefichika kwa asiyeziona alama zake, kama alivyofichika samaki kwa asiyekuwa mvuvi.

Na sheria yenyewe imefunza namna ya kumpima mwenye kudai ujuzi uliofichika kwa wengine. Waliosoma fiqihi ya Imam Shafii waijua khabari ya kaifu, yaani mtu ajuaye nasaba kwa kutazama maumbile ya miguu na nyuso. Mtume (S.A.W.) alifurahi kwa neno la kaifu wa Banu Mudlij juu ya miguu ya Zaid na mwanawe Usama. Na juu ya hayo, maulamaa hawakumkubali kaifu yeyote ajaye na kudai. Wamesharutisha awe amejaribiwa: aletewe mtoto baina ya wanawake ambao hayupo mamake, mara tatu, kisha aletewe tena naye mamake yupo, ionekane kama atamjua. Basi ikiwa kaifu, ambaye asili ya ufundi wake imethibiti kwa hadithi, hakubaliwi ila kwa mtihani, vipi atakubaliwa mwenye kijiti bila ya mtihani?

Mtihani wake ni mwepesi, na wazee wa msikiti waweza kuufanya asubuhi moja. Aachiwe mwenye kijiti aonyeshe mahali pake, pawekwe alama ndogo ambayo yeye haijui. Kisha afungwe kitambaa machoni, azungushwe, apitishwe njia nyingine, mara kumi. Ikiwa ni maji yavutayo kijiti, maji hayana macho wala hayajui kitambaa. Kijiti kitainama pale pale. Na kikiinama mara hapa mara kule, jibu limepatikana bila ya kuchimba hata dhiraa moja. Asiyekubali kujaribiwa hana haki ya kukabidhiwa amana.

FASILI YA SITA: Njia iliyo bora kwa mwenye kuchimba

Kutafuta maji kwa dalili si elimu ya kuazima. Waarabu wa kale waliiita riyafa, nao waliihesabu kuwa ni tawi la firasa, yaani kulijua lililofichika kwa lililo dhahiri. Abu Bakr al-Karaji, bingwa wa hesabu, mwanzoni mwa karne ya 11 ya miladi aliandika kitabu kizima juu ya kuyatoa maji yaliyojificha, akaeleza alama za milima na mimea, na namna ya kupima mwinamo wa mifereji ya chini kwa chini. Na huko Oman, aflaji zimenywesha miji na mitende kwa karne nyingi kwa elimu ya namna hiyo.

Katika zama hizi elimu ile imeongezewa vyombo. Mwaka 1912 Conrad Schlumberger, Mfaransa, alianza kuipima ardhi kwa umeme. Vigingi vinne vya chuma hupigwa ardhini. Viwili hupitisha umeme, na viwili hupima namna unavyopita. Mwamba mkavu huuzuia, udongo wenye maji huupitisha, na maji ya chumvi huupitisha zaidi. Hapa ndipo faida yake kubwa kwa watu wa pwani, kwani chaweza kudokeza si kuwapo kwa maji tu, bali na chumvi yake. Nacho chaweza kukosea, kwa kuwa udongo wa mfinyanzi hupitisha umeme kama maji. Ndiyo maana humtaka mtu aliyesoma, mwenye kulinganisha kipimo na visima vya jirani. Lakini kosa lake hujulikana, huandikwa, na hurekebishwa.

Na katika pwani na visiwa, suala si “pana maji?” bali ni “ni matamu kwa kina gani, na yaweza kutekwa kiasi gani?” Katika mawe ya matumbawe na katika mchanga, maji matamu ya mvua huelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Badon Ghijben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, kila mmoja kwa nafsi yake, walieleza hesabu yake: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kiasi cha mita 40 chini ya usawa huo. Maana yake, pampu ikiyashusha maji ya juu kwa mita moja, chumvi ya chini yaweza hatimaye kupanda kwa makumi ya mita. Hivyo ndivyo kisima kilichokuwa kitamu miaka mitatu kinavyogeuka chumvi, na waliokichimba hawakukosea mahali. Walikosea kina na pampu. Mji wa Lamu wategemea maji yaliyohifadhiwa na matuta ya mchanga ya Shela; matuta yakiharibiwa, hakuna kijiti kitakachoyarudisha.

Basi mwenye kutia nia ya kuchimba, na ashike mambo haya:

1. Aanze kwa visima vya jirani. Aulize kina chake, na ayaonje maji yake mwishoni mwa kaskazi kabla ya masika, katika bamvua na katika maji mafu.

2. Atazame nchi. Mikuyu na mikindu iliyo mibichi wakati wa kiangazi, na mabonde yakusanyayo mvua, ni dalili; si yakini, bali ni dalili.

3. Akae mbali na vyoo na makaburi. Wataalamu wengi husema isipungue mita 30 baina ya kisima na choo, na katika mawe yenye nyufa ni bora izidi, kwa kuwa uchafu hupita upesi.

4. Ikiwa ni kisima cha kutoboa kwa mashine, atafute mjuzi wa miamba na maji, apime kwa chombo, na aandike aliyoyaona. Ujira wa kupima ni sehemu ndogo tu ya gharama ya kutoboa shimo kavu.

5. Mapatano yaandikwe, na yatajwe kina, utamu, na kiasi cha maji kwa saa. Mlango wa juala katika fiqihi wafaa hapa: mtu hupata ujira wake kwa kutimiza kazi iliyotajwa, wala hapati kwa kujaribu tu.

6. Kisima kikipatikana, maji yapelekwe kupimwa kabla ya kunywewa, na pampu iwekwe kwa kadiri ya uwezo wa kisima, si kwa kadiri ya tamaa.

KHATIMA

Mtume (S.A.W.) amefunza kuwa mwenye kuwatibu watu hali hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Mwenye akili na alipime jambo la kisima kwa mizani hiyo. Aliyekabidhiwa fedha ya sadaka, akaitoa kwa neno lisilojaribiwa, hataokoka kwa kusema kuwa nia yake ilikuwa njema. Kutawakali ni kumfunga ngamia kisha kumtegemea Mwenyezi Mungu. Na kumfunga ngamia wa kisima ni kuuliza, kupima, na kuandika.

Suratul Mulk yaishia kwa swali: maji yakididimia ardhini, ni nani atakayewaletea watu maji yenye kububujika? Jibu la muumini ni kuwa hakuna ila Allah, Mola wa viumbe vyote. Naye Ameyaweka chini ya ardhi kwa kadiri, na juu yake Akaweka alama, na kichwani mwa mwanadamu Akaweka akili ya kuzisoma. Aziachaye zote tatu akafuata kijiti, atafute maji popote atakapo. Lakini asitafute kwa fedha ya marehemu.

Mwenyezi Mungu azitakabali sadaka za Waislamu, avijaze visima vyao maji matamu, na awarehemu wazazi waliochimbiwa. Wabillahi ttaufiq.